Nionesheni Njia, Kasi Nitanunua Mwenyewe

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nilikuwa nyumbani Tabata nachambua mchele. Simu ikaita, nikaona jina la kijana wetu wa zamu. Kijana wa zamu hapigi simu Jumapili kwa ajili ya kusalimia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mitandao imekata."

"Upi?"

Akanyamaza kidogo. "Yote, mama."

Msomaji anielewe kwa nini neno hilo lilinikalisha chini. Kampuni ninayoifanyia kazi inasafirisha mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Zambia na Kongo, na mimi ndiye msimamizi wa mitambo yake ya mawasiliano. Tuna yadi Kurasini, tuna ofisi Mbeya na Tunduma, na kila lori letu lina kifaa kinachotuma taarifa ya mahali lilipo. Kwa kazi ya namna hiyo tulikuwa tukinunua intaneti kwa watoa huduma wawili: ankara mbili kila mwezi, rauta mbili, nembo mbili kwenye kabati la mitambo. Kila msimu wa bajeti mhasibu mkuu alikuwa akiniuliza ile ankara ya pili ni ya nini, nami nikimjibu kwa sauti ya mtu anayejua anachosema: "Ni akiba. Huyu akianguka, yule anabaki amesimama." Jibu hilo nimelitoa miaka sita mfululizo. Jumapili ile walianguka wote wawili kwa pamoja.

Sababu ilitangazwa upesi. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikuwa imepata hitilafu katika bahari ya upande wa Msumbiji na Afrika Kusini. Hiyo ndiyo iliyotutoa gizani: SEACOM iliwashwa Julai 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010. Yote miwili inateremka kando ya pwani hii ya Afrika Mashariki, yote miwili inatua Dar es Salaam, na kule kusini yote miwili inapanda nchi kavu katika mji mmoja mdogo wa KwaZulu-Natal uitwao Mtunzini. Upande wa kaskazini nako mambo yalikwishaharibika. Mwezi Februari mwaka huohuo SEACOM ilikuwa imekatika katika Bahari ya Shamu pamoja na mikongo mingine miwili, na kinachodhaniwa kuikata ni nanga ya meli iitwayo Rubymar. Meli hiyo ilipigwa kombora na Wahouthi wa Yemen, mabaharia wakaikimbia, ikawa inaelea huku nanga yake ikiburuzwa chini ya bahari. NetBlocks, wanaofuatilia hali ya intaneti duniani, waliitaja Tanzania na kisiwa cha Mayotte kuwa ndizo zilizoumia zaidi. Ubalozi wa Marekani hapa Dar es Salaam ulisitisha huduma kwa umma kwa siku mbili.

Watoa huduma wangu waliponieleza baadaye, nilijua kwamba mmoja alikuwa akinipitisha EASSy na mwingine SEACOM. Kwenye karatasi hizo ni njia mbili, lakini baharini ni njia moja yenye majina mawili.

Hata hivyo, bahari haikuniudhi kama nilivyojiudhi mwenyewe. Jumatatu asubuhi nilipofika Kurasini, laini yetu ya ndani kutoka Dar hadi Tunduma ilikuwa nzima. Taa za swichi zote zilikuwa za kijani. Nilipiga simu ya mezani ya ofisi ya Tunduma ikapokewa mara moja, sauti safi kama mtu yuko chumba cha pili. Ndani ya nchi hakukuwa na waya uliokatika. Ila programu ya kufuatilia malori ilikuwa imekufa, barua pepe zimekufa, hesabu zimekufa. Kwa nini? Kwa sababu miaka mitatu nyuma tulikuwa tumehamishia kila kitu kwenye seva za kukodi Ulaya. Lori limesimama kwenye mzani wa Makambako, mimi niko Kurasini, na taarifa ya lori lile, ili inifikie, ilitakiwa kwanza iende Ireland ndipo irudi. Mkataba wa seva zile niliusaini mimi, kwa kalamu yangu, na siku ile nilipongezwa kwa kubana matumizi.

Tukarudi kwenye simu na daftari. Madereva wakaambiwa kila mzani wapige: Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba. Kijana wa zamu akachora jedwali ubaoni, akalichora vibaya, hadi mzee mmoja wa yadi alipomwondolea kalamu mkononi na kumwonesha jinsi tulivyokuwa tukifanya zamani, safu kwa tarehe, mstari kwa namba ya lori. Mzee yule alikuwa na furaha ambayo hakuificha vizuri.

Mimi pia ni wa zamani hiyo. Nilianza kazi mwaka 1988 nikiwa mpiga teleksi. Vijana wangu hawaijui teleksi, nami sina njia ya kuwaonjesha sauti yake. Ujumbe uliuandaa kwanza kwenye utepe wa karatasi unaotobolewa, kwa sababu kila dakika ya laini ilikuwa pesa, kisha ndipo unapiga, na mashine ya upande wa pili inajibu kwa kitambulisho chake kabla hujatuma na inakituma tena ukimaliza. Kitambulisho hicho kikishachapwa mwanzo na mwisho wa karatasi, hakuna mtu Hamburg wala London aliyeweza kusema hakupata ujumbe. Laini ya simu ya kawaida ilikuwa jambo la kuomba Posta na Simu na kusubiri miaka, si miezi. Kisha likaja dishi juu ya paa. Setilaiti zile za zamani zinakaa kilomita karibu 36,000 juu ya ikweta, kwa hiyo neno unalolisema linapanda huko, linashuka, na jibu nalo linapanda na kushuka. Ukisema "habari" unahesabu moja, mbili, ndipo unasikia "nzuri", na katikati mmeshaanza kusemeana juu. Wafanyabiashara wakubwa wa wakati huo walilipia dishi bei ya gari jipya na masika yakija wanakosa huduma.

Sasa mtu aliyepita huko hawezi kuubeza mkongo. Mwaka 2009 serikali ilianza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kwa mkopo wa China. Nyuzi zikazungushwa nchini kwa mtindo wa pete, ili upande mmoja ukikatika mawasiliano yageuke yapite upande mwingine, na zikafikishwa mipakani: Namanga, Horohoro, Sirari, Mutukula, Rusumo, Kabanga, Kasumulu, Tunduma. Shirika la TTCL likakabidhiwa kuusimamia. Mimi mwenyewe nilikuwepo Tunduma siku tulipozima dishi letu la mwisho. Tulilishusha, na sasa mlinzi analitumia kuanikia mahindi. Sitaki nionekane mtu asiye na shukrani.

Lakini mazungumzo yote ya kitaifa kuhusu intaneti yamebaki palepale pa mwaka 2009: kasi na bei. Mawaziri wanazungumza kasi, matangazo ya kampuni yanazungumza kasi, semina za wateja wakubwa zenye chai na sambusa nazo ni kasi tu. Kasi ninayo. Laini yetu leo ina uwezo ambao mwaka 2005 ungetosha mkoa mzima. Ninachokosa ni jambo dogo ambalo hakuna aliye tayari kuniuzia kwa bei yoyote, nalo ni kujua waya wangu unapita wapi.

Niliujua uzito wa jambo hilo miezi kadhaa baada ya Mei ile, na safari hii bahari haikuhusika. Mkandarasi wa barabara alikuwa akichimba si mbali na yadi yetu. Saa nne asubuhi rauta ya kwanza ikazima; kabla sijamaliza kusema "ya pili ipo", ya pili ikazima. Fundi wa mtoa huduma mmoja alikuja na kile kipimo chao kinachopeleka mwanga ndani ya uzi na kusoma unavyorudi, kinakuambia uzi umekatika umbali gani kutoka ulipo. Kikasema kilomita nne na kitu. Nikavaa viatu vya yadi, nikaenda naye. Katapila lilikuwa bado limeinamisha shingo juu ya mtaro. Fundi akafunua mfuniko wa chemba iliyo jirani, tukachungulia. Chini mle, ndani ya maji ya rangi ya chai, zilikuwepo kebo za watoa huduma wangu wote wawili, zimefungwa pamoja kwa kamba moja ya plastiki. Ya tatu, ya kampuni ambayo wiki ile tu ilikuwa imenitumia kijana wa mauzo kuniahidi "njia mbadala kabisa", ilikuwa imelala juu yao.

"Mama, hapa wote ndiyo wanapita," fundi aliniambia bila aibu. "Mtaro mwingine nani atalipia?"

Alisema kweli. Katika kazi ya kutandaza faiba, kioo chenyewe ndicho cha bei ndogo. Gharama iko kwenye kuchimba, kwenye vibali vya kupita hifadhi ya barabara, kwenye kuvuka daraja, kwenye kurudisha lami ya watu. Anayechimba wa kwanza anawakodisha wenzake nafasi, nao wanafurahi, na kwa taifa si jambo baya, maana hakuna anayetaka barabara ileile ipasuliwe mara nne. Mimi sigombi na kushirikiana mtaro. Nagomba na kuuziwa mtaro mmoja mara mbili huku nikiambiwa ni miwili.

Nikaandika barua kwa wote, nikaomba ramani ya njia. Mmoja hakujibu. Mwingine alijibu kwamba hiyo ni siri ya biashara. Wa tatu, yule wa "njia mbadala kabisa", alinitumia mchoro wa rangi, mzuri, upande wa kushoto ofisi yetu ya Dar, upande wa kulia ofisi ya Tunduma, na katikati, pale hasa ambapo barabara, mito na chemba zilipaswa kuonekana, amechora wingu.

Katika biashara yetu ya malori mtu hawezi kuthubutu kufanya hivyo. Mteja wa shaba anayepakia Lubumbashi ataniuliza lori linavuka Kasumbalesa lini, linalala wapi Zambia, linaingia Tunduma saa ngapi, na mtu wa bima ataniuliza maswali yaleyale kwa ukali zaidi. Nikimjibu kwamba njia ni siri ya biashara atapakia kwa jirani yangu. Nikimwambia mzigo wake nimeugawa kwenye malori mawili kwa usalama, halafu agundue malori yote mawili yalivutwa na kichwa kimoja, tutakutana mahakamani. Sisi wateja wakubwa wa mawasiliano, mabenki, migodi, hospitali za rufaa, vyuo, wasafirishaji, tumekubali kwa miaka kumi na tano tusichowakubalisha wateja wetu hata kwa siku moja.

Ninalotaka kwa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ni kanuni moja fupi. Mtoa huduma akimuuzia mteja laini na kuiita ya akiba, au mbadala, au jina lolote la namna hiyo, amwoneshe mteja huyo njia yake kutoka mlango hadi mlango, pamoja na mkongo wa baharini inaoutegemea na upande inaoelekea, na ambatisho hilo liwe sehemu ya mkataba. Ikibadilika, amwambie. Ikigundulika kwamba inashirikiana mtaro na ile ya kwanza, bei ishuke kuwa ya kitu kilichouzwa kweli.

Najua jibu litakalokuja, nimeshalipewa ana kwa ana: usalama. Ramani zikizagaa, wahalifu watajua pa kupiga. Mtu anayesema hivyo hajawahi kukutana na wezi wa nyaya. Wezi wanajua chemba zote kuliko mimi. Wanachimba wakitafuta shaba, wakikuta kioo wanakiacha kimekatwa na kwenda zao. Dereva wa katapila naye anajua, baada ya kukata. Wa mwisho kujua ni anayelipa ankara. Isitoshe, sikuomba ramani ibandikwe kituo cha daladala. Mteja asaini kutunza siri, kama anavyosaini mambo mengine kumi, na daftari zima la nchi likae kwa mdhibiti.

Kuna anayeweza kuuliza haya yote yanamhusu nini mwananchi wa kawaida mwenye bando la siku. Yanamhusu. Benki ikipoteza laini zake mbili kwa shoka moja, wakala wa fedha wa pale kona anafunga kibanda. Mama aliyetumiwa ada ya mtoto kutoka Mbeya anaambiwa arudi kesho. Yeye hana namba ya kupiga ili alalamike kuhusu mtaro.

Sasa tuseme tumeoneshwa njia na tumegundua ni moja. Ya pili itoke wapi? Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaodhani ni lazima tuchimbe upya. Nchi hii ina njia ndefu zilizonyooka ambazo hazina uhusiano na mtaro wa kando ya lami, na zimejengwa au zinajengwa kwa fedha nyingi kwa sababu nyingine kabisa.

Tazama minara ya umeme wa msongo mkubwa. Ule waya wa juu kabisa, unaopokea radi, siku hizi hutengenezwa ukiwa na nyuzi za mawasiliano ndani yake. Katapila haliufikii. Sehemu za Mkongo wa Taifa zimepita huko tangu mwanzo na mafundi watakuambia ndizo zisizosumbua. Tazama reli: treni ya kisasa ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, na reli ina uzio, ina hifadhi yake, haichimbwi na kila mwenye kibali cha bomba la maji. Halafu kuna bomba la mafuta ghafi, lile la kutoka Hoima Uganda hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, nyingi zikiwa ndani ya Tanzania, kupitia Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara. Kwenye usanifu wake kuna kebo ya faiba inayolala kandokando ya bomba kwa ajili ya kuliongoza na kulilinda. Bomba linahitaji nyuzi chache sana. Ningekuwa mshauri wa serikali ningeuliza kila wiki, hadi nichukiwe, nyuzi zinazobaki zitauzwa kwa nani na kwa masharti gani. Mgodi ulioko Geita na kiwanda kilichoko Singida vingepata njia ya kwenda baharini ambayo haigusi Morogoro.

Nazitaja njia hizi moja moja kwa sababu hata mvua inazitofautisha. Wiki moja kabla ya ile Jumapili, kimbunga Hidaya kilipiga maeneo ya Mafia, na mvua za siku hizo zikaikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi huko Somanga. Kalavati likiondoka, faiba iliyopita ndani yake inaondoka nalo, hata ingekuwa ya kampuni tano. Nguzo ya umeme iliyosimama mlimani kilomita kadhaa kutoka hapo haina habari.

Kwa upande wa bahari, tuna jirani. Mombasa ina mikongo yake, ukiwemo TEAMS unaokwenda moja kwa moja hadi Fujairah katika Umoja wa Falme za Kiarabu, bila kugusa Bahari ya Shamu wala Durban. Nyuzi zetu zimefika Namanga na Horohoro muda mrefu sasa. Mteja mkubwa wa Dar es Salaam anayeambiwa ana njia ya akiba angepaswa kuuliza kama akiba hiyo inatoka Mombasa au la, na aoneshwe, asisimuliwe. Upande wa magharibi, kupitia Zambia hadi Swakopmund nchini Namibia, ni mbali na ni ghali, na mwezi Machi 2024 mikongo minne ya Atlantiki ilikatika kwa mpigo karibu na Abidjan. Mwaka ule Afrika ilipigwa mashavu yote mawili.

Wengine wanasema tusubiri, 2Africa umekuja. Ni kweli, mkongo huo wa kilomita zipatazo 45,000, unaoongozwa na Meta, ulifikishwa Dar es Salaam mwaka 2023 na uwezo wake unaifanya ile miwili ya zamani ionekane kama mrija wa soda. Naufurahia. Lakini nao umepangwa kuizunguka Afrika kwa kupita Bahari ya Shamu upande mmoja na Afrika Kusini upande wa pili. Mikongo mitatu ikipita mlango mmoja mwembamba, idadi yake inanisaidia siku mkongo mmoja unapoharibika, hainisaidii siku mlango unapofungwa. Na ukikatika baharini hakuna fundi wa kumpigia kelele. Inasubiriwa meli. Sehemu kubwa ya pwani za Afrika inaitegemea Léon Thévenin, meli ya mwaka 1983 inayokaa Cape Town, nayo lazima ipakie kebo, ivuke bahari iliyochafuka, iitafute kebo kwa ndoano chini huko, iivute juu, iiunge.

Setilaiti mpya zinazoruka chini chini, kilomita 550 hivi, ni habari nyingine na majirani zetu wengi, Rwanda, Msumbiji, Kenya, Malawi, Zambia, walizipokea mwaka 2023. Mjadala wa leseni hapa kwetu nawaachia wenye nao. Kwa msafirishaji ni tairi la akiba. Nalitaka nyuma ya kila lori, na sitaki kwenda nalo Lubumbashi.

Kuna jambo moja tulilolifanya wenyewe bila kusubiri kanuni. Programu ya malori tumeirudisha nyumbani. Seva ziko Dar es Salaam, katika kituo cha data ambacho nimekitembelea, nimezigusa, nimemuuliza mlinzi jenereta lina mafuta ya saa ngapi (alijua). Barua pepe bado ziko Ulaya, lakini tumeweka nakala hapa. Bei imepanda, na mhasibu ameniuliza. Sasa taarifa ya lori la Makambako inakuja Kurasini kama lori lenyewe, kwa kupita Iringa na Morogoro. Kinachonishangaza ni ugumu wa kulifanya hilo. Mmoja wa watoa huduma wetu alikuwa akiipeleka hata barua ya kutoka mtaa mmoja wa Dar hadi mwingine nje ya nchi kabla ya kuirudisha, ilhali Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana intaneti, Arusha nayo inacho, vimewekwa hasa ili mambo ya ndani yamalizwe ndani. Nilipomuuliza aliniambia ni suala la "mpangilio". Wiki mbili baadaye mpangilio ukabadilishwa, kumbe ilikuwa kazi ya nusu saa.

Na kama mamlaka zina muda wa ombi la pili, basi wateja wakubwa wauziwe nyuzi zenyewe, zisizowashwa, pale zilipo nyingi na zimelala. Tuna mafundi, tutaweka mitambo yetu kila upande na kuziwasha. Leo TTCL anausimamia Mkongo wa Taifa kwa niaba ya serikali, anawauzia kampuni kwa jumla, kisha anashindana nazo kwa wateja kama mimi. Simlaumu, ndivyo alivyopangiwa. Lakini mtu mwenye duka la jumla na la rejareja mlango mmoja hana haraka ya kumwambia mnunuzi wa rejareja bei ya katoni. Ndiyo maana nyuzi nyingi zinalala ardhini zikiwa giza, na sisi tunanunua mwanga kwa kipimo cha kijiko.

Mkataba wetu mmoja unaisha mwezi ujao. Kijana wa mauzo ameuleta mpya jana, umechapwa vizuri, karatasi nzito, kasi maradufu ya ya mwanzo kwa bei ileile. Safari hii nimeusoma wote. Ukurasa wa tisa unasema njia ya huduma imeoneshwa katika Kiambatisho cha Tatu. Nikafunua hadi mwisho. Kiambatisho cha Tatu kipo, kina kichwa cha habari, kina nembo, kina mistari miwili ya kuweka sahihi chini, na katikati hakuna kitu. Nikamuuliza ramani iko wapi. Akasema italetwa baada ya kusaini, mama. Nikamwagizia soda, nikamwambia aketi, nitasubiri naye.